Tawi Bichi Mikononi

Mkatekista wetu alikuwa na kikohozi kifupi alichokitoa kabla ya kutangaza jambo lolote kanisani. Hakikuwa cha ugonjwa. Kilikuwa cha kusafisha njia ya maneno, na sisi watoto wa kigango tulikizoea kiasi kwamba mtu mwingine akikohoa vile hata sokoni tulinyoosha migongo. Padri alifika kwetu mara chache, barabara ikiwa imekauka. Siku nyingine zote kigango kilikuwa chini ya Mkatekista: sala, mazishi, mafundisho ya komunyo, ugomvi wa mipaka ya mashamba, na miti.

Miti haikuwa katika kazi aliyopewa. Aliiongeza mwenyewe. Nyuma ya kanisa, pale mlima wetu unapoanza kushuka kuelekea bondeni, alikuwa na kitalu kilichofunikwa kwa majani ya migomba, na miche aliiotesha ndani ya vifuko vya maganda ya migomba alivyovishona kwa vijiti. Mtoto aliyeanza mafundisho alipewa mche kabla ya kufundishwa sala ya kwanza. Ila hakuutunza wake. Mkatekista alikuonyesha mche wako, ukaugusa, ukaujua, halafu akamkabidhi aliyekaa pembeni yako autunze. Wewe ulitunza wa mwenzako.

"Wako utaupenda bila kufundishwa na mtu," alikuwa akisema. "Mimi nafundisha kupenda usio wako."

Alituita wazazi. "Haya, wazazi, miche imekunywa?" Tulikuwa na miaka tisa, kumi, kumi na moja, pua zinatiririka, na tulijibu kwa pamoja kwamba imekunywa, hata kama haikunywa.

Mche ukikauka, mtunzaji wake alisimama mbele ya kanisa Jumapili wakati wa matangazo, ameushika kwa mikono miwili usawa wa kifua, mpaka matangazo yaishe. Mkatekista alikohoa, akasema, "Mtoto huyu alikabidhiwa mali ya mwenzake," kisha akaendelea na habari za michango na wagonjwa kana kwamba hupo. Mimi nilisimama mara moja. Mbuzi alikuwa amekula mche wa binti wa jirani yetu, na nilikuwa na kijiti kitupu chenye mizizi. Nilipojitetea kwamba ni mbuzi, alinijibu polepole, "Mbuzi hajaomba komunyo. Wewe umeomba." Watu walicheka. Mama yangu aliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo nilimwagilia kila kilichokuwa kijani, pamoja na magugu.

Simwelezi kama mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa chumvi, na mke wake aliwasimulia wanawake wote kisimani. Alipenda moto kupita kiasi. Yeye aliyetukataza kukata hata tawi la kutengenezea fimbo, jioni alikaa kwenye jiko la mke wake akichochea, akiongeza kuni ambazo hazikuhitajika, mpaka mama yule akamwambia, "Baba, viazi vimeiva tangu saa ile. Sasa unapika nini?" Aliwachukia mbuzi na kuwaogopa ng'ombe. Ng'ombe akipita njiani, yeye aliingia shambani mwa mtu na kusubiri, akijifanya anakagua kahawa. Aliposali hadharani alikuwa na kigugumizi, lakini akitaja miti kigugumizi kiliondoka, na wazee walimtania kwamba angesali kwa mti angesikika haraka zaidi.

Kuhusu kuni alikuwa na somo lake. Padri alipotarajiwa, watoto wa mafundisho walileta kuni za kumpikia. Mkatekista alipokea kila kijiti, akakivunja karibu na sikio. Kilichokauka chenyewe kilitoa mlio mkavu na kugawanyika mara moja. Kilichokatwa kingali hai kilijikunja, kikachanika kwa nyuzi nyuzi, na maganda yake yakang'ang'ania. Hakupiga mtu. Alikurudishia kijiti chako, ukaenda kusimama pembeni nacho. Baada ya miezi michache sote tulikuwa tumeshajua kuvunja na kusikiliza, na tulikuwa tukivunja vijiti vya watu hata nyumbani kwao.

Aliyeijua kazi hii kuliko sote alikuwa kiranja wetu wa mafundisho, mvulana mrefu mwenye meno yaliyopanda. Mche alioutunza yeye ulikuwa daima mrefu kuliko mingine. Alijua hata kukohoa kama Mkatekista. Mkatekista alimsikia siku moja akituigizia, akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha wakimbizi wakavuka mpaka wa nchi, wakaingia Ngara kwetu.

Waliokuwa wakubwa wameshalieleza jambo hilo vizuri kuliko nitakavyoweza. Mimi naweza kusema tulichokiona watoto: mlima wa ng'ambo ya bonde uliokuwa wa kijani ukawa na rangi ya mashiti ya plastiki, na moshi ukakaa juu yake kama paa. Wakimbizi walipewa mahindi mazima na maharage makavu, wakahitaji moto wa nusu siku ili wale. Wanawake wao walianza kupita kijijini kwetu wakitafuta kuni, kwanza wawili watatu, halafu mistari mizima, kila siku wakienda mbali zaidi. Nasi hatukuwa wasafi. Mchana tuliwauzia miti ya mashamba yetu, jioni tukawalaani kwamba wanamaliza miti. Nyumba nyingi za kwetu zilipata madirisha mwaka ule.

Likaja shirika la miti, likaajiri watu wa kupaka mkanda wa rangi nyekundu kwenye miti isiyoruhusiwa kukatwa. Mkatekista akachukua kopo na brashi. Alipaka kwa wiki kadhaa, na alikuwa na furaha kama bwana harusi, mpaka alipogundua watu wameuelewa mkanda kivyao. Kila mti usiokuwa na mkanda ulihesabiwa umeruhusiwa. Mikubwa ilibaki, midogo ikaenda. Miti yetu ya mafundisho, iliyokuwa na unene wa mkono wa mtoto, ikaanza kupotea.

Tulimlilia. "Mkatekista, paka na yetu." Akapaka. Akachora mikanda myekundu kwenye vimti ambavyo upepo ulivitikisa. Alituambia tuvilinde, na hapo ndipo alipotumia maneno ambayo nadhani aliyajutia baadaye. Alisema, "Atakayegusa mti huu, amwone mwenyewe." Kwa miaka yote alikuwa hajawahi kututajia mwenyewe, yaani mwenye mali. Alikuwa akitutajia mwenzako.

Nilikuwa natoka kisimani siku ile, dumu kichwani, nikamkuta njiani na kopo lake la rangi. Nikamwamkia, akaitika, tukaongozana, yeye mbele kidogo. Alikuwa ananiuliza kama miche ya nyumbani kwetu imepona kiangazi. Tukasikia kikohozi chake mbele yetu, nyuma ya kona, naye alikuwa pale karibu nami na hajakohoa.

Tulipokata kona tuliwaona. Darasa la komunyo karibu lote lilikuwa limesimama katikati ya njia. Mzigo wa kuni ulikuwa umefunguliwa na kutawanywa, na vijiti vingi vilikuwa vimevunjwa vipande viwili viwili. Mbele yao alisimama bibi wa kambini, mvi zimejaa, rozari shingoni kama bibi yeyote wa kwetu. Alikuwa ameshika tawi bichi kwa mikono miwili, usawa wa kifua. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Walikuwa wamemwelekeza tu namna ya kusimama.

"Matangazo," alisema Kiranja, na akakohoa tena. "Mama huyu amekutwa na tawi bichi. Je, tawi hili lilikuwa lake?"

"Hapana," darasa likaitika.

"Alikabidhiwa na nani?"

"Hakukabidhiwa."

"Asimame mpaka matangazo yaishe. Jumuiya ya mtakatifu nani hii, mbona mnacheka? Tuendelee na wagonjwa."

Wakaangua kicheko. Kusema kweli, alikuwa anachekesha. Nilihisi wivu kwamba nilikuwa kisimani wakati mchezo unaanza.

Ndipo wakamwona Mkatekista. Hakuna aliyekimbia, na hilo ndilo lisilonitoka. Walifungua njia, nyuso zimeng'aa, wakamngoja asifu. Kiranja akamsogelea.

"Mkatekista, tumemkamata. Nimelivunja mara moja tu nikajua, lilijikunja."

"Nani kakufundisha hivi?"

"Wewe," alisema Kiranja, kwa furaha kabisa.

Mkatekista alifungua mdomo na kigugumizi kikamshika, kile cha kwenye sala. Bibi ndiye aliyezungumza, kwa lugha yake, ambayo sisi Wahangaza tunaielewa bila mkalimani.

"Baba, hawa ni wanafunzi wako?"

"Ni... ni wangu."

"Wamefundishwa wakashika," alisema.

Sijui kama alisema kwa kejeli. Nimelifikiria jambo hili katika stendi nyingi za mabasi, na mpaka leo sijui. Alikuwa bado ameshika lile tawi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aliachie.

Mkatekista aliweka kopo chini. Alimwondolea tawi mikononi, akalitia kwapani. Akapiga magoti, akaokota vijiti kimoja kimoja, vizima na vilivyovunjwa, akavifunga kwa kamba ya bibi yule, akajitwisha mzigo kichwani. Mwanamume wa makamo, Mkatekista, na kuni kichwani. Kwetu hilo lilikuwa halijaonekana. Walishuka bondeni kuelekea kambini, bibi nyuma yake, na wanaume waliokuwa wakipalilia walisimama na majembe yao wakauliza kama mke wake amefariki. Darasa lilibaki njiani, limekosa la kufanya. Kiranja alichukua kopo la rangi akalipeleka kanisani ili lisiibwe. Ndivyo alivyokuwa, mwaminifu.

Jumapili iliyofuata Mkatekista aliongoza sala, na matangazo yalipofika hakukohoa. Alitoka nyuma ya meza akasimama mbele yetu, amelishika lile tawi kwa mikono miwili usawa wa kifua. Majani yalikuwa yameshasinyaa. Alisimama mpaka watoto wachanga wakaanza kulia.

Mzee wa kanisa ndiye aliyemwokoa, au aliyemmaliza, sijui. Alisimama akasema, "Ndugu zangu, tumeona. Mkatekista anatuonyesha wanachotufanyia hawa wageni. Miti yetu ndiyo hii." Kanisa lote likapiga makofi. Mama yangu alipiga. Mimi nilipiga. Nilimwangalia Mkatekista akitingisha kichwa kukataa, na watu waliokuwa wakimwangalia wakadhani anasikitikia tawi. Wiki ile wanawake wa kambini walizuiwa hata kwenye njia walizokuwa wakipita bila shida, na waliozuia walisema wameagizwa na kanisa.

Hakurudia. Aliigawa miche yote iliyokuwa kitaluni, akaliacha lile paa la majani likaanguka. Aliendelea kufundisha sala na amri kumi kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Mtoto akimuuliza lini watapewa miche, alimwambia aende kwa mwalimu wa shule. Nilisikia kwamba alikuwa akienda kambini kumtafuta bibi yule, akiuliza kwenye mistari ya maji, na kwamba hakujua jina lake kwa hiyo hakujua aulize nini. Halafu wakimbizi wakaondoka kama walivyokuja, barabara imejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na mlima wa ng'ambo ukabaki mwekundu, una visiki.

Mimi niliondoka nilipomaliza kidato cha nne, na tangu hapo sijakaa mahali. Nimeuza samaki Mwanza, nimepika kwenye machimbo Geita, sasa nauza vitenge minadani, Biharamulo yote hadi Kahama. Nikilala mahali wiki mbili miguu inaniwasha. Nikiwa mbali naikumbuka Ngara mpaka machozi, nikifika Ngara nauliza gari la kesho.

Nilimpata Mkatekista kijijini Nyamahanga, Biharamulo, kwa binti yake aliyeolewa huko. Binti alinunua kwangu kitenge, tukazungumza, nikagundua ni nani. Mzee alikuwa ameketi nje akiangalia kibuyu cha maziwa, maana majirani zao wengi ni Wasukuma waliotoka Shinyanga na ng'ombe wao, na sasa ng'ombe walipita karibu na magoti yake mchana kutwa.

"Shikamoo Mkatekista."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja. Alinitazama sana.

"Wa mbuzi," akasema.

Tukacheka. Nilimwambia amewazoea ng'ombe. Akasema hajawazoea, ila amezeeka kiasi cha kutoweza kukimbia. Kisha, bila kunikaribisha vizuri, akaanza kuniulizia watoto wa darasa lile, mmoja mmoja, kwa miche yao. Aliyetunza mti wa fulani yuko wapi. Nilimjibu nilichokijua. Huyu ni dereva. Yule alifariki. Huyu anauza mkaa Kahama, na hapo alifumba macho kidogo. Nikaona anachelewesha jina moja.

"Na Kiranja?"

Nilikuwa nimepita kwa Kiranja miezi michache kabla. Ana mlima, ule wa ng'ambo, ule uliobaki na visiki. Aliupata kihalali, akaupanda kwa mikono yake na mke wake, na ukiuona kutoka barabarani utadhani umeota wenyewe tangu kuumbwa. Watoto wa shule hupelekwa kuutazama. Nikamwambia hayo yote. Mkatekista alishika fimbo yake kwa nguvu, uso ukamlainika kama wa mtu aliyepewa maji.

"Mlima mzima?"

"Mzima. Hadi juu."

"Na watu wanapita?"

Nilijua anauliza nini. Kiranja ameuzungushia ule mlima seng'enge, na ana mbwa. Wanawake wanaotafuta kuni, wa kwetu na wale wanaokuja kulima vibarua kutoka ng'ambo ya mpaka, wanauzunguka kwa chini, mwendo wa nusu siku. Wanaokamatwa ndani wanasimamishwa langoni, na mzigo wao mikononi, mpaka jioni, wapita njia wawaone. Niliona mmoja kwa macho yangu. Nilipita.

"Wanapita," nikasema.

Akangoja. Alikuwa na subira ile ile ya kungoja mtoto akumbuke jibu.

"Wanauzunguka, Mkatekista."

Akauliza gari la Ngara linaondoka saa ngapi. Binti yake alitoka ndani na sufuria mkononi. "Baba, kwa magoti hayo utafika wapi?"

"Nitakaa kwenye gari. Siendi kwa magoti."

"Kuna nini huko cha haraka hivyo?"

"Kuna mtu nilimfundisha nusu," alisema.

Tuliondoka asubuhi kwa mchomoko, zile gari ndogo zinazopakia watu mpaka kwenye buti, nikamlipia siti ya mbele. Njia nzima alikuwa akijisemesha kwa sauti ndogo. Nilidhani anasali, lakini hakukuwa na kigugumizi. Alikuwa akiyapanga maneno atakayomwambia Kiranja. Nilisikia "Kosa si lako," na "fungua," na mara nyingi "yule bibi."

Kiranja alipomwona langoni alipiga magoti chini, mtu mzima mwenye mvi, akamshika miguu. Akafunga mbwa. Akamshika mkono, wakapanda pamoja polepole, nami nyuma yao. Ndani ya miti ile kulikuwa na baridi. Kulikuwa na ndege niliowasikia mara ya mwisho nikiwa mtoto. Kiranja alimwonyesha kila aina, akamwambia mbegu ilikotoka. Alimwonyesha chemchemi ndogo iliyorudi penye mwamba ambapo zamani palikuwa na vumbi tupu. Mkatekista aliweka kiganja kwenye shina moja, kisha jingine, kisha jingine. Alikuwa analia, na alikuwa anatabasamu. Tulipofika juu alisema neno moja tu: "Mwanangu." Nilikuwa nimesimama karibu. Niliyangoja maneno mengine. Alikunywa chai, akala viazi, akabariki nyumba, tukashuka kwenda kupanda gari la kurudi.

Langoni hakukuwa na mtu aliyesimamishwa siku hiyo. Lakini chini ya mlima, kwenye njia ya kuzunguka, tuliiona mizigo ya kuni ikienda polepole vichwani mwa wanawake, na Mkatekista aliitazama kupitia kioo cha gari mpaka tukaiacha nyuma.

"Sikumwambia," akasema.

"Nimeona."

"Nilikuwa nayo yote mdomoni." Alijifuta uso kwa shati. "Ni mizuri mno, mama. Nilishindwa. Ile miti ni mizuri mno."

Ningemwambia dereva ageuze. Hatukuwa tumefika mbali, na mzee angekubali, nadhani alikuwa anangoja niseme. Ila magotini nilikuwa nimepakata mche Kiranja alionipa wakati wa kuagana. Nilikuwa nimemwomba mwenyewe, nikauchagua mrefu kuliko yote. Dereva aliutazama, akaniuliza ninaishi wapi, nitaupanda wapi, nami nikamuuliza gari la kesho la Kahama linaondoka saa ngapi.